Ataanguka Tu, Mwalimu

Binti wa darasa la tatu alisoma mpaka akabakiza karatasi moja, akafunga kitabu na kunirudishia.

Tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini nje ya darasa, kwenye shule moja ya huku Mbagala, tukijaribu mswada kabla haujaenda kwa mchoraji. Kwa kazi hii huwa nachapa kurasa kwenye karatasi za kawaida, nazikunja katikati na kuzibana kwa stepla. Watoto wanajua hicho si kitabu cha kweli, ndiyo maana hawakionei haya.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Mbona umefunga?"

"Ataanguka tu, mwalimu."

"Umejuaje?"

"Wakipanda bila ruhusa huwa wanaanguka." Kisha akaomba aende kucheza rede.

Nikaandika jibu lake pembeni mwa daftari, nikamwita mtoto mwingine. Lilianza kunikera baadaye, ndani ya daladala, na halijaacha mpaka leo, wiki kadhaa sasa. Yule binti alisoma bila kukwama, hata yale maneno marefu ambayo wenzake waliyaparamia. Kusoma anajua. Ila hakuona sababu ya kuendelea. Na kazi yangu yote, tangu nilipokuwa nafundisha darasa la pili, nikaja kuandika, nikaja kuhariri, na sasa nazunguka kwenye warsha kuwafundisha wengine, imesimama juu ya imani moja: mtoto akishajua kusoma, atataka kujua mwisho.

Huyu mwisho alikuwa ameshaujua.

Methali iliyovutwa

Nilipofika nyumbani nikaufungua tena ule mswada. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Juma alikuwa mtoto mtukutu asiyesikia la mkuu."

Basi. Hadithi imeishia hapo hapo.

Nani kati yetu hajui asiyesikia la mkuu huvunjika nini? Methali hiyo mtoto anaisikia nyumbani kabla hajavaa sare, anakutana nayo shuleni, anaikuta nyuma ya kanga ya shangazi. Mwandishi ametaja nusu ya kwanza kwenye ukurasa wa kwanza, nusu ya pili akaiweka ukurasa wa ishirini na tatu. Katikati kuna mti, mama, rafiki anayeonya, na tawi bovu. Yule binti alichofanya ni kuijibu methali, kama tulivyozoeshwa sote: mmoja anaanza, mwingine anamalizia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichambua miswada iliyo mezani kwangu kwa jicho hilo. Mtoto anayekwenda mtoni na wenzake. Mtoto anayedokoa nyama. Mtoto anayekubali pipi ya mtu asiyemjua. Ukimenya maganda unakuta haraka haraka haina baraka, tamaa mbele mauti nyuma, mchuma janga hula na wa kwao. Ni methali zilizovutwa mpaka zikajaza kurasa 24. (Kwa wasioijua kazi hii: kitabu cha kubanwa kwa stepla lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa hiyo mara nyingi ni 16, 24 au 32. Waandishi wengi wa watoto hawarefushi hadithi kwa sababu ina mengi ya kusema. Wanarefusha kwa sababu karatasi imekunjwa hivyo.)

Sina ugomvi na methali. Lakini methali ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na mtu hakai saa nzima mahakamani kusikiliza kesi ambayo hukumu yake imebandikwa mlangoni.

Mzee na mti wake

Mwandishi wa mswada ule ni mwalimu mstaafu, mtu wa Newala, mzee wa heshima. Alikuja warshani na kalamu mbili mfukoni na hadithi ameiandika kwa mkono, herufi zimesimama wima kama za ubaoni. Kumwendea mtu wa namna hiyo na maneno ya mtoto wa miaka tisa si jambo jepesi. Nilisubiri chai ya saa nne.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Wameipokeaje?"

Nikamweleza. Hakukasirika. Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, halafu akasema, "Sasa mwanangu, wewe unataka apande na asianguke? Mimi mwanafunzi wangu alianguka."

Ndipo akanisimulia. Mwembe wa shule, wakati wa mapumziko, mvulana mmoja mwembamba. Mkono ulivunjika juu ya kiwiko. Zahanati ilikuwa mbali, gari hakuna, mzee alimfunga yule mtoto mgongoni kwa kanga ya mpishi na kupanda naye baiskeli. Mkono uliunga vibaya. Yule mvulana sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na mpaka leo hawezi kuunyoosha.

Nilijiona nimebanwa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mahubiri, nikakutana na hofu. Huyu mzee hakuandika hadithi ili awatishe watoto. Aliandika kwa sababu kuna siku moja ambayo bado anaiendesha baiskeli ile. Na nadhani funzo nyingi tunazozicheka kwenye vitabu vya watoto zinatoka huko huko: mtu mzima ameona kitu kibaya, anataka kukizuia kisijirudie, na chombo pekee alicho nacho ni kalamu.

Lakini ajabu ni kwamba hakuna hata chembe ya siku ile iliyoingia kwenye hadithi. Hapakuwa na kanga ya mpishi wala baiskeli, na ule mkono uliounga vibaya haukutajwa. Kulikuwa na Juma mtukutu, tawi bovu, na mama anayesema "nilikwambia". Alipoanza kuandika "kwa ajili ya watoto", alikiweka kando kila alichokiona kwa macho yake.

Nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. "Mzee, wewe mwenyewe ulikuwa unapanda?"

Akacheka. "Mkorosho wa nyuma ya nyumba. Kila jioni."

"Ulikuwa unafuata nini huko?"

"Barabara."

Baba yake alikuwa amekwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge. Vijana wengi wa kusini walikwenda enzi hizo. Waliokuwa wakirudi walishushwa na lori, na kutoka juu ya ule mkorosho lori lilionekana vumbi lake kwanza, kabla ya lenyewe. Yeye alikuwa akipanda kuangalia kama kuna vumbi. Mama yake alimkataza, tena kwa fimbo. Akapanda. Na hakuanguka hata mara moja.

"Baba alirudi?"

"Alirudi. Alikuja na baiskeli na kikohozi."

Chai ilikuwa imepoa. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo hadithi." Akanijibu papo hapo, "Hiyo haina funzo."

Uongo njoo

Hilo jibu ndilo lililonipeleka kwenye mawazo mengine, maana tunapenda kusema kwamba hadithi zetu za asili zilikuwa za kufundisha maadili. Tunalisema kwenye semina, kwenye utangulizi wa vitabu, kwenye hotuba za siku ya kusoma. Mimi nimelisema jukwaani.

Hebu tuzikumbuke hizo hadithi kwa haki. Sungura anafundisha maadili gani? Anaiba asali, anamsingizia fisi, fisi anapigwa, sungura anakwenda zake. Abunuwasi je? Anawatapeli majirani, anamzunguka mfalme, na mwishoni tunamshangilia. Kima aliyebebwa na papa katikati ya bahari anaambiwa kwamba sultani anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Anajibu kwa utulivu kwamba mioyo yao huiacha mtini, warudi wakauchukue. Uongo mtupu, na ndio uliomwokoa. Kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa Zanzibar zamani sana, na Edward Steere alikiingiza kwenye mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili uliochapwa London mwaka 1870, pamoja na kile cha punda wa dobi ambacho kima anamsimulia papa akiwa tayari yuko juu ya mti, salama. Kuna busara ndani yake: usidanganywe mara mbili. Lakini hakuna anayeadhibiwa kwa kusema uongo.

Na msimulizi mwenyewe alianzaje? Hadithi hadithi! Nasi tukajibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Hakuna aliyeitikia "mafunzo njoo".

Sisemi mabibi zetu hawakutaka tuwe na adabu. Walitaka, na walikuwa na njia zao, nyingine ziliuma. Ila usiku, moto ukiwa umewashwa, walikuwa na kazi nyingine. Nadhani tulizichanganya kazi hizi mbili hadithi zilipohamia darasani. Kitabu kilipokuwa kifaa cha shule ilibidi kijitetee kama vifaa vingine vya shule, na utetezi rahisi kuliko wote ni ule mstari wa mwisho unaoanza na "Tangu siku hiyo..."

Kidogo kuhusu silabi

Niingize hapa jambo la ufundi, kwa sababu warshani hatukuwa tukigombania funzo peke yake. Miongozo mingi tunayopewa ya kupanga vitabu kwa ngazi inahesabu maneno: ngazi hii maneno matano kwa sentensi, ngazi ile manane. Kwa lugha yenye maneno mafupi hesabu hiyo ina maana. Kwetu sisi, "Mama ana koti jipya" ni maneno manne, silabi nane. "Hawakumsikiliza" ni neno moja, silabi nane. Kwa mujibu wa mwongozo la pili ni rahisi mara nne. Mwambie hivyo mtoto wa darasa la kwanza aliyekwama kwenye "hawaku" na kidole chake hakisogei.

Tangu mtaala wa mwaka 2015 uliporudisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele kwenye darasa la kwanza na la pili, vitabu vya ngazi vimekuwa vingi, na ninafurahi. Lakini mhariri wa Kiswahili lazima asome kwa sauti na kuhesabu silabi, si maneno. Aangalie viambishi: "aliyekuwa akimsubiria" inavunja goti la msomaji mchanga kuliko tawi lolote bovu.

Sasa tazama jinsi haya mawili yanavyokutana. Sentensi ya pili ya mzee ilikuwa hii:

"Siku moja aliamua kupanda mkorosho mrefu uliokuwa nyuma ya nyumba yao bila kumwomba ruhusa mama yake aliyekuwa akitwanga mihogo mikavu."

Tulikaa nayo mezani. Mihogo ikaondoka kwanza, kwa kuwa mchoraji ataichora, na mtoto ataiona bila kuambiwa. "Mrefu" nayo ikaenda na mchoraji. Kisha nikamuuliza mzee "bila kumwomba ruhusa" inamfanyia nini msomaji. Akafikiri, akasema, "Inamwambia kwamba anakosea." Nikanyamaza. Akachukua kalamu, akakata mwenyewe.

Ilibaki: "Mama anatwanga. Juma anapanda mti."

Niliona uso wake. Ile ruhusa ilikuwa bado ipo, imekaa katikati ya zile sentensi mbili, na safari hii ni mtoto ndiye atakayeitambua. Mama anatazama kinu. Juma anatazama juu. Kila mtoto aliyewahi kufanya kitu mamake akiwa ameinama anajua kinachoendelea hapo.

Uzito wa sentensi na uzito wa mahubiri, mara nyingi ukikata kimoja na kingine kinaondoka. Sikulijua hilo kwa nadharia. Nimeliona tu likitokea mezani, mswada baada ya mswada.

Anayelipa si anayesoma

Nenda Januari kwenye duka la vitabu, Mtaa wa Samora au popote, ukae pembeni. Mzazi ana orodha mkononi: madaftari, kalamu, rula, vitabu vya kiada. Pesa inakaribia kuisha. Mtoto ameshika kitabu cha hadithi. Mzazi anakichukua, anafungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, anasoma mistari miwili, anauliza, "Hiki kinafundisha nini?"

Siwezi kumlaumu. Hiyo pesa ni ya nauli. Kama kitabu hakina jibu la haraka, kinarudi rafuni.

Kabla ya hapo mswada umepita kwa watu wazima wengine. Mhariri kama mimi, mchapishaji anayehesabu gharama, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) kwa ithibati ya lugha, TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ukitaka uingie shuleni kama kitabu cha ziada, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa. Kila mmoja anao wajibu wake na wengi wanaufanya kwa moyo. Lakini angalia foleni yote hiyo: hakuna mwenye miaka tisa. Tulipata kurudishiwa mswada mmoja, sitasema na nani, wenye maelezo ya mstari mmoja: "Mhusika hajaadhibiwa." Alikuwa amekula maandazi ya dada yake.

Nilicheka siku ile. Sasa sicheki sana, kwa sababu yule aliyeandika maelezo yale alikuwa anamfikiria mwalimu mwenye watoto wengi darasani na dakika arobaini, ambaye akisoma hadithi ya maandazi lazima atoke na kitu cha kuandika ubaoni. Tumempa hadithi lakini hatujampa njia nyingine ya kuitumia. Miradi ya vitabu iliyosaidia sana huko nyuma, kama Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, haikuishia kwenye kuchapa. Iliwafundisha walimu namna ya kusoma na watoto. Sehemu hiyo ndiyo inayosahaulika kwanza bajeti ikipungua.

Lakini Shaaban Robert je?

Mshiriki mmoja kijana, mkali kweli, alinikabili siku ya pili. "Mwalimu, unasema funzo linaua hadithi. Adili na Nduguze je?"

Alinipata. Kitabu hicho cha mwaka 1952 hakijifichi hata kidogo. Mtu mwema anaitwa Adili. Nduguze wabaya, mmoja Hasidi, mwingine Mwivu. Kwa kipimo changu cha ukurasa wa kwanza, hadithi hiyo ingepaswa kuwa imekufa kwenye orodha ya majina.

Na bado haifi. Nilikwenda kuisoma tena usiku ule ili nijue kwa nini. Kinachokushika ni yale manyani mawili ambayo Adili anayachapa kila usiku, kisha anayafuta machozi na kuyalisha, na hujui kwa nini mtu mwenye jina hilo anafanya jambo la namna hiyo. Jina linasema wema, mkono umeshika kiboko. Ukija kugundua kwamba manyani yale ni ndugu zake, na kwamba kuwachapa kunamuuma yeye pia, funzo limeshakuingia kwa mlango wa jikoni.

Nikamrudia yule kijana asubuhi, nikamwambia amenishinda nusu. Si funzo linaloua. Kinachoua ni mwandishi asiyekuwa na swali. Shaaban Robert alijua wema ni nini, lakini aliacha wema huo umtese mwenyewe. Juma wa ukurasa wa kwanza hamtesi mtu. Hata mwandishi wake hampendi. Amemleta aje avunjike.

Kijana akauliza, "Na nusu niliyoshindwa ni ipi?" Nikamwambia aandike kwanza, tutabishana baadaye. Bado hajaleta mswada.

Maswali ya nyuma ya kitabu

Mzee amemaliza kuandika upya. Ina kurasa 16 sasa, siyo 24. Juma bado anaitwa Juma, mama bado anatwanga, mkorosho upo, lori lipo. Ule mkono uliovunjika hatukuuweka. Anasema huo anautunza kwa hadithi nyingine, na safari hii itakuwa ya mwalimu na baiskeli. Mama anamkuta Juma juu ya mti ukurasa wa kumi na moja. Badala ya kumgombeza anamuuliza anaona nini. Hilo ni wazo la mzee, mimi sikuchangia hata koma, na sina hakika kama mama yake alimuuliza hivyo kweli au ndivyo alivyotamani amuulize.

Mchapishaji ameipenda, ila anataka maswali matatu nyuma ya kitabu, na moja liwe "Hadithi hii inatufundisha nini?" Tumemwomba aliondoe hilo. Tumempelekea mawili: "Juma aliona nini kabla ya kuliona lori?" na "Wewe ungengoja juu ya mti mpaka saa ngapi?" Amerudisha ujumbe kwamba la pili halina jibu, mwalimu atalisahihishaje?

Ana hoja. Nilipokuwa nafundisha darasa la pili na madaftari sabini mezani, na mimi nililipenda swali lenye jibu moja.

Nikampigia mzee. Akasema subiri. Nilimsikia akiuliza kitu nyumbani, watoto wakacheka, akarudi kwenye simu na swali la tatu: "Mkorosho ulikuwa upande gani wa nyumba?" Hilo linasahihishika. La pili nimewaambia halitoki, na tunasubiri jibu lao.